Baiskeli Iliyovuta Kushoto

Enzi za Mwingereza nilinunua baiskeli kuukuu kwa mfanyabiashara mmoja wa Singida Mjini. Aliniapia kwamba haiyumbi hata kidogo. Niliisukuma kwa miguu siku mbili hadi Kinyangiri, na kila aliyeniuliza nilimwambia ina pancha. Ukweli ni kwamba sikujua kuendesha, ila nilikuwa nimeshamwahidi mke wangu kwamba kila Jumapili atakwenda kanisani amekaa kwenye keria, kama mke wa mwalimu.

Nikaanza kujifunza kwa kujificha nyuma ya zizi. Kila nilipopanda, baiskeli ilinivuta kushoto na kunibwaga kwenye uwele. Michubuko ilipozidi nikapandwa na hasira, na yule mfanyabiashara alipokuja mnadani kwetu kununua ngozi, nikamshtaki kwenye baraza la mtemi kwamba ameniuzia chombo kibovu.

Hakubishana. Aliomba ruhusa, akapanda baiskeli ile ile, akazunguka uwanja mara tatu huku ameachia usukani, kisha akapiga kengele mbele ya mtemi.

“Sasa panda wewe tuone,” mtemi akaniambia.

“Shikamoo, Mtemi,” nikajibu, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwamkia asubuhi.

Baraza zima likaangua kicheko, na shauri langu likafutwa papo hapo. Mke wangu peke yake hakucheka. Aliinuka taratibu, akafunga kanga yake vizuri, akamwambia mtemi kwamba naye ana shauri, na linahusu ahadi.