Krismasi kwa Mama Joyce

Juzi nilimwona jirani yetu Mama Joyce akibandika karatasi za rangi dirishani, huku akiwaambia watoto wa mtaani, "Karibuni, Krismasi ni ya wote." Nikacheka kwa dharau. Namjua huyo.

Nilipokuwa mdogo alisema hivyohivyo, mie na mdogo wangu Salum tukaenda. Kila Idi mama alikuwa anampelekea sahani ya pilau, kwa hiyo tulijua na sie tutakula kwake. Harufu ya kuku na bizari ilitupokea barazani. Mlango ulikuwa umefungwa. Tulipobisha hodi pazia likavutwa, maongezi ya mle ndani yakakatika, nikasikia vijiko tu vikigonga sahani taratibu. Nikamwambia Salum, "Nyamaza, wanasali." Tukakaa kimya na njaa yetu, kwa heshima zote.

Baadaye Mama Joyce akauliza mle ndani, "Hivi vile vitoto vimeshaondoka?"

Nikajibu kwa adabu, "Bado tupo, mama! Nyie salini tu!"

Vijiko vikanyamaza. Hakuna aliyefungua. Watu wazima na akili zao, nyama mdomoni, wamejikausha mezani kuwakwepa watoto wawili.