Bibi Harusi wa Maneji

Watu wa Katoyi wakitaja harusi ya Mama Nshobole huanza kucheka. Mimi huanza kwa kushika mgongo, kwa sababu ndimi niliyebeba ngoma kubwa ya fanfari, bendi yetu ya tarumbeta, siku ile, na hakuna aliyenionya kwamba tutapita porini.

Katika usichana wake Nshobole aliuza beignets, maandazi ya mviringo, kwenye lango la bustani ya michezo, barabara ya Sake, karibu na Mugunga. Tuliiita Maneji. Ndani kulikuwa na treni ya watoto, na mwisho wa reli palikuwa na bata mkubwa wa saruji, shingo ndefu, kiti mgongoni. Kila Jumamosi mabibi harusi waliingia kupigwa picha juu ya bata yule. Nshobole alibaki nje na beseni lake. Akajiapiza kwamba siku moja atapita lango lile amevaa nguo nyeupe.

Siku hiyo ilikawia mno. Yeye na Bahizire waliishi pamoja, wakazaa, wakakimbia vita, wakakimbia volkano, wakarudi. Mahari ikatoka kidogo kidogo. Padri alipokubali hatimaye kuwafungisha ndoa walikuwa na wajukuu, na Maneji ilikuwa imefungwa zamani, imemezwa na majani. Nshobole akasema hataki zawadi, anataka picha yake juu ya bata. Bahizire, mtu mpole, akakubali. Lakini dada wa Bahizire, Mapendo, mkuu wa kamati ya harusi, akasema hatapeleka wageni kwenye nyoka. Akapanga bustani ya Himbi, kando ya ziwa.

Nshobole hakubishana. Alichukua panga akaenda kutafuta njia. Alinisimulia baadaye kwamba vijia vya mbuzi vilimzungusha bure, na kimoja kikamfikisha kwenye kibanda cha tiketi kilichojaa nyuki. Alirudi nyumbani amevimba uso, majirani wakasema uzee umemshika kichwa. Kisha siku moja panga likagonga chuma. Ilikuwa reli ya treni ya watoto, imeshikwa na mizizi hata wezi wakashindwa kuing'oa. Tangu hapo alikwenda akigonga. Chuma kikiitika, anafyeka mbele. Likiitika jiwe la lava, anarudi nyuma. Hivyo hivyo mpaka mdomo wa bata ukatokea kati ya majani, naye akakaa chini akalia kwa furaha.

Siku ya harusi tukatoka misani kwa honi na tarumbeta, Prodige mpiga picha akiwa juu ya pikipiki, amekaa kinyumenyume. Tukafika Himbi. Mabibi harusi walikuwa wamejipanga mpaka barabarani kama madumu kwenye bomba la maji. Mlinzi akatuambia tungoje. Mapendo akamfokea mpaka sauti ikamkauka, na mlinzi hata hakusogea.

Nshobole akashuka garini.

“Miye sitangoja tena inje ya mulango ya batu,” akasema. “Mugeuze magari. Tunaenda kwa Maneji.”

“Tutapita wapi, mama?” Mapendo akauliza.

“Njia iko. Ni miye niliikata.”

Akainama, akatoa mabuti ya mpira chini ya kiti cha gari. Alikuwa ameyaficha humo tangu asubuhi. Mapendo akayatazama mabuti, akapanda gari.

Langoni pa Maneji alikuwepo mama mmoja anawauzia wapita njia beignets. Alipoona msafara akasogea pembeni kutupisha. Nshobole akasimama, fanfari nzima ikasimama nyuma yake.

“Beba beseni yako, mama,” akamwambia. “Tuingie wote.”

Tukaingia. Njia ilikuwa safi kama ua uliofagiwa, ila nyembamba, na ngoma yangu iligonga kila tawi. Mapendo alinung'unika nyuma, ameshika kitenge chake juu ya magoti, mpaka tulipomwona bata. Nshobole alikuwa amempaka chokaa, anang'aa mweupe kuliko shela. Mapendo akaenda mwenyewe kumsaidia wifi yake kupanda, akamnyooshea nguo. Tulipiga muziki mpaka ndege wote wakahama, na sijawahi kuipiga ngoma kwa moyo namna ile.

Picha imetundikwa sebuleni kwa Bahizire. Yeye amesimama chini, ameshika shingo ya bata. Juu wamebanana wanawake wawili kwenye kiti kimoja, mmoja na beseni mapajani. Mwingine ni bibi harusi, mabuti miguuni, na beignet mkononi ameshaiuma.