Mpiga Pasi Aliyekopa Ili Apendeze Mtandaoni

Saa moja asubuhi, pasi ya mvuke imeshapata moto. Mpiga pasi analaza kola ya shati jeupe mezani, anainyunyizia maji, anaikandamiza. Ni shati la tisa. Hadi jioni atakuwa amenyoosha sabini, yote ya watu.

"Zamani nikimaliza za watu, nakimbilia kununua zangu," anasema binti huyu wa miaka ishirini na minne, akicheka kidogo.

Wenzake katika duka hili la kufulia nguo humwita Malkia, jina alilolipata mtandaoni. Kila wiki aliweka picha, na kila picha ilitaka nguo mpya. Kurudia nguo aliona ni aibu. Mshahara ukiisha, simu inamkopesha.

"Sikuona kama ni deni," anasema. "Deni nililolijua ni la mtu kukugongea mlango. Hili unabonyeza tu, na marafiki zangu wote walikuwa wanabonyeza."

Mkopo wa kwanza ukazaa wa pili, wa pili ukalipwa na wa tatu. Mikopo ilipofika mitano, theluthi mbili ya mshahara wake ilikuwa ikiyeyuka kabla hajanunua hata sabuni.

Alipochelewa kulipa, wakopeshaji wakawapigia watu waliomo kwenye simu yake. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, aliambiwa amelea mwizi. Ajuza huyo alifunga safari siku hiyohiyo, akaingia dukani na akiba yake yote ndani ya bahasha.

Malkia alilia mbele ya wateja, akaikataa bahasha. Bibi hakumgombeza. Alitaka tu kuziona hizo nguo. Chumbani wakahesabu magauni thelathini na moja, mengine hayajatolewa hata lebo.

"Hao unaowavalia, mjukuu wangu," bibi akauliza, "yupo hata mmoja aliyekupigia leo kukupa pole?"

Malkia akaanza kuyakunja magauni ya kuuza.

Waliyauza magauni kwa wiki mbili, bibi akiwa ndiye mkali wa bei. Kisha Malkia akajipiga picha na aproni yake, akaeleza yote mtandaoni. Wafuasi mia tatu walimkimbia. Wasichana kumi na mmoja walimwandikia faraghani kwamba nao wamezama kwenye madeni.

Sasa amebakiza mkopo mmoja. Hajifanyi kuwa amepona; juzi alitumiwa ujumbe kwamba anastahili mkopo maradufu, akausoma mara mbili ndipo akaufuta.

"Nataka mashine yangu ya kufulia, hata kuukuu," anasema. "Nitadunduliza. Siku nikiileta nyumbani, iwe yangu kuanzia waya hadi mfuniko."