Vyuma vya Mbuke

Mbuke wa Tinde alichagua Novemba. Nyumbani wote walishangaa, maana mkulima mwenye akili timamu hapeleki mguu kupasuliwa mvua za kwanza zikianza. Mwigulu, mumewe, alimsihi angoje hadi pamba ivunwe.

"Daktari kasema mwaka na nusu," Mbuke alijibu. "Mimi ni nani nimbishie?"

Mguu wenyewe ulivunjika Mei 1995, mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba ulipompitia chini ya goti. Hospitali wakaushika mfupa kwa bamba la chuma na skrubu saba, wakamwambia arudi baadaye waamue kama vitolewe. "Tukivitoa," Daktari Gregory alimweleza, "mfupa utabaki na matundu. Miezi mitatu hakuna kulima, hakuna kubeba ndoo."

Mwingine angeguna. Mbuke aliliweka neno lile moyoni kama akiba ya mbegu. Tangu avunje ungo hakuwahi kukaa kitako mchana kweupe, hadi mkokoteni ulipomkalisha. Siku zile wifi yake Melania ndiye aliyechota maji, na Mwigulu alisonga ugali wenye madonge. Mbuke aliula akaona hajawahi kula mtamu kama ule. Aibu iliyoje, mtu kuutamani mguu uliovunjika! Lakini aliutamani.

Novemba ilipofika, Daktari Gregory aliinua picha ya eksirei dirishani.

"Mfupa umeunga vizuri, mama. Vyuma visipokusumbua, tunaviacha. Wengi wanazeeka navyo. Vinakuuma?"

Kumbe ilihitajika ndiyo moja tu. Mbuke alikuwa nayo ulimini, ameileta kutoka Tinde. Wenye kudanganya kwa makubwa kuliko hayo wamejaa tele, nao hulala fofofo. Ila yeye alimtazama kijana yule aliyemrudishia mguu, akashindwa.

"Haviumi, baba. Ila nimechoka."

"Ni safari hiyo. Ukifika nyumbani, upumzike."

Machozi yalimlengalenga, akaaga.

Mwigulu alimpokea njiani. "Mama Limi! Wamevitoa?"

"Vimebaki. Mguu mzima."

Mwigulu alimshukuru Mungu kwa sauti. Mtu mwema yule, hana hila. Kwa furaha aliyokuwa nayo, jioni hiyo hiyo alimchongea mkewe mpini mpya wa jembe, akaulainisha taratibu kwa kipande cha chupa, usije ukamchubua mikono.