Fundichuma Mmoja kwa Karani wa Mugunga

Mimi ninachora ndege. Nalisema mapema kwa sababu hapa Goma mtu mzima akisema anachora ndege, watu humtazama usoni, halafu mikononi, wakitafuta kazi halisi anayoificha. Kazi halisi ninayo: nafundisha dessin, yaani somo la kuchora, katika shule ya sekondari, na mshahara wake huja kwa kujivuta. Lakini Jumamosi ni yangu. Nachukua karatasi, penseli ya kawaida na chache za rangi, na kipande cha ubao cha kuegemezea, napanda pikipiki hadi karibu na maji, na sitaki maswali. Marehemu baba yangu, aliyekuja hapa kutoka Maniema na biashara yake ya vitenge, aliniuliza mara moja tu kama hao ndege wanaliwa. Nikamjibu hawaliwi. Akasema basi, akaendelea na chai yake, na hakuniuliza tena mpaka anafariki.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia nilikuwa upande wa Mugunga, kwenye lile ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya shimo la mlima. Ni mwaka ambao kambi za watu waliokimbia vita zilikuwa zimejaa, turubai kwa turubai, hadi juu ya mawe meusi ya volkano ambako hata nyasi huota kwa shida. Nilikuwa nimemfuata fundichuma. Ni ndege wa rangi ya udongo, kichwa chake kimetokeza nyuma kama nyundo, na hujenga kiota kikubwa kupita akili: vijiti, majani makavu, vitambaa, hata vipande vya ndala, alimradi kitu kimepatikana. Yule wa siku hiyo alikuwa amepata kamba ya turubai ya bluu na alikuwa anahangaika kuipitisha kwenye mlango wa kiota chake, juu ya mti. Nilikaa juu ya jiwe nikaanza kuchora, nimefurahi kabisa.

Sikusikia watu wakija. Nilipoinua macho kumtazama ndege, kati yangu na mti alikuwa amesimama mama mmoja na mtoto mgongoni. Nyuma yake alikuwa mwingine, na nyuma ya huyo wengine, wamejipanga vizuri kabisa, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Hakuna aliyewaambia wapange foleni. Yule wa mbele akaanza kunitajia jina lake, jina la mume wake, kijiji alichotoka, na watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, polepole, akinipa nafasi ya kuandika.

"Mama, mi siandike batu," nikamwambia.

"Unaandika nini?"

"Ndege."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na hajaamua kama atajibu. Nikamgeuzia karatasi aone. Akaona. Akawaambia wa nyuma yake kwa Kihunde, na maneno yakapita kwenye foleni hadi mwisho, na huko mwisho mtu akacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. Wakaanza kuondoka. Mzee mmoja alipopita karibu yangu alisema, bila kuniangalia, "Balituandika siye, sasa bamefika ku ndege."

Nakiri kwamba hasira ya kwanza niliwaonea wao. Walikuwa wameniharibia asubuhi, na fundichuma alikuwa amekwenda zake na kamba yake. Mimi ni mtu ambaye mori hunipanda haraka. Lakini nilipokuwa nakusanya vitu vyangu hasira ikahama yenyewe, ikaenda kwa waliostahili. Kwa sababu watu hawazaliwi wakijua kupanga foleni mbele ya penseli. Wamefundishwa. Wamekuja watu wa mashirika wa fulana za kijani, wakaja wa fulana nyeupe, wamewauliza umri, maradhi, idadi ya sufuria, na nani amelala wapi, wakaandika, wakapanda magari yao, na vumbi likatua. Penseli kwa watu hawa ni mlango, na kila anayeishika anadhaniwa ana ufunguo. Mtu akikaa juu ya jiwe akichora ndege anaonekana mwongo, na kusema kweli sikuwalaumu.

Mama mwingine wa ile foleni hakuondoka. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitenge kilichopauka, mikono yake imechubuliwa na kuni. Alisubiri wenzake wapite, akakaa chini karibu na jiwe langu, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia nafundisha shule, ndipo akaniambia shida yake bila kupamba. Alitoka milima ya Masisi na wajukuu. Siku watu wa chakula walipokuja kuandikisha alikuwa ameenda porini kutafuta kuni, kwa sababu wajukuu hawali jeton ya kupokelea chakula wala karatasi. Alirudi jioni akakuta wamemaliza. Tangu hapo jirani zake wanapokea unga na maharage, na yeye anapokea alichobakisha jirani. Alikuwa ameenda kwa karani wa uandikishaji zaidi ya mara moja.

"Ananiambia liste ya majina ilifungwa," akasema. "Weye ni mwalimu, unajua Kifaransa. Tuende pamoja, umwambie mu Kifaransa."

Ningeweza kusema hapana. Nilitaka kusema hapana. Lakini alikuwa ameshasimama na kuanza kutembea, na mimi nikamfuata na ubao wangu kwapani.

Njia kati ya turubai ilikuwa na matope na mawe makali, na katika kutembea huko nilikumbuka mahali nilipojifunzia kuchora. Nilianza na ndege waliokufa. Nikiwa msichana, shule ilitupeleka kwa boti ng'ambo ya ziwa kubwa, kwenye makumbusho madogo ndani ya jengo la zamani, ambako ndege wamekaushwa na kupangwa katika makabati ya kioo. Wengine manyoya yamewatoka, macho yao ni shanga. Lakini kila mmoja ana karatasi ndogo iliyofungwa mguuni kwa uzi, na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa wino, imeandikwa jina lake, dume au jike, kilima alichopatikana, na kimo cha kilima hicho juu ya usawa wa bahari. Kulikuwa na korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, ametoka Masisi, na kijiji chake kimeandikwa. Utotoni niliona ni jambo zuri sana, na nilichora hadi ile karatasi ya mguuni. Siku hiyo, nyuma ya mama asiyeandikwa popote, nilimwonea wivu yule korongo kwa niaba yake, na damu ikanichemka.

Karani tulimkuta ndani ya turubai la ofisi, kijana wa Rutshuru, mpole, amevaa gilet safi, kizibao cha kazi, ana meza, kompyuta ya kushika mkononi, na nyuma yake bango la sokwe akitabasamu katika majani. Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha darasani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili na mama asikie:

"Mwalimu, liste ilishafungwa. Si mie. Ni système."

"Système iko wapi nikaiongeleshe?"

"Iko Goma. Na ile ya Goma inangojea ingine ya mbali."

Alisema bila dharau, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikudharau unajua pa kumshika. Niligeuka niondoke, ubao ukateleza kwapani, na karatasi zikamwagika mezani kwake. Akaziokota. Akasimama na ile ya fundichuma mkononi.

"Uyu!" akasema. "Uyu iko kwetu, ku mutoni. Watoto walikuwa wanamuogopa. Ulimuona hapa? Saa ngapi?"

Uso wake wote ulibadilika. Akataka kujua kiota kiko mti gani, mlango wake umeelekea wapi, kama niliona mwenzake. Alinitolea picha za ndege kwenye simu yake, alizopiga mwenyewe, na zilikuwa nzuri. Alijua kungoja mwanga. Akamwita mtu alete kiti. Kiti kikaletwa, kimoja, nikawekewa mimi. Mama wa Masisi alikuwa bado amesimama pale aliposimama tulipoingia, na karani alikuwa akiniuliza kwa wasiwasi wa kweli kama watu wa kambi hawatakata ule mti, maskini ndege akakosa pa kukaa.

Sikukaa. Nilipofungua mdomo nilitegemea tusi litoke. Badala yake nikasema:

"Unapenda uyu ndege?"

"Sana, mwalimu."

"Chukua. Ni yako. Andika uyu mama."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akamtazama mama, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akatazama mchoro, akautazama tena kwa karibu, ile kamba ya bluu niliyoitia rangi. Kisha akavuta kompyuta yake, akagusa hapa na pale, akasema kwa sauti ya chini, "Iko kipande cha bale balisahauliwa. Tunaweza kumutia mule."

Kipo! Kumbe kipo. Kilikuwepo siku ya kwanza mama alipokuja, na ya pili, na siku zote alizorudi mikono mitupu kwa wajukuu. Sehemu imetengenezwa kwa ajili ya waliosahauliwa, na yenyewe ikasahauliwa, mpaka alipotokea ndege wa penseli. Nilitamani kumpindulia ile meza. Lakini mama alikuwa ameshaanza kutaja majina ya wajukuu, na karani alikuwa anaandika, na mtu mwenye akili hapindui meza wakati huo. Walipomaliza nikamtazama karani akichukua vibandiko na kumweka fundichuma wangu ukutani, chini ya sokwe. Mama akapewa jeton yake. Aliitia ndani ya fundo la kitenge na kulikaza kwa meno.

Tulitoka. Nje nilikuwa najiandaa kukataa shukrani, kwa sababu nilijua nikishukuriwa ningepiga kelele. Hakunishukuru. Alitembea kidogo, akasimama.

"Dada yangu naye balimusahau," akasema. "Tulikuwa naye siku ile mu kuni. Uko na ndege ingine?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, alikuwa amesimama nje ya lile turubai na kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda, kama ambavyo amelazimika kuelewa kila ofisi aliyokutana nayo tangu atoke kwao. Nilitaka kumwambia kwamba si hivyo, kwamba mtu huandikwa kwa sababu ni mtu, ana njaa, ana wajukuu, na kwamba yule ndege hakuwa malipo. Maneno hayo yote nilikuwa nayo, na yote ni ya kweli, na kwa dada yake yasingenunua hata kikombe cha unga.

Nikafungua karatasi. Alikuwepo mdiria mmoja, yule ndege mvua samaki, niliyeanza kumchora kabla watu hawajafika, ametulia juu ya tete. Mama aliinama akamchunguza kwa makini, kuanzia mdomo kwenda nyuma, kidole chake kikifuata bila kugusa.

"Uyu hana mukia," akasema. "Atamukubali?"

Nikakaa chini kwenye mawe na hasira zangu zote, nikachora mkia.