Sauti Yangu Holini

Harufu ya majani chai yanayonyaushwa kiwandani ilitufikia kabla ya ukungu. Kila alasiri, mvua ikishakoma, ilishuka mlimani ikaingia kambini kwetu, makazi ya wafanyakazi wa chai, ikajipenyeza kwenye blanketi na nywele, hata uji ukawa na ladha yake. Kisha ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukameza mashamba, ukameza miti ya blugamu, na mtu aliyesimama mlangoni aliwasikia watu wakizungumza karibu naye asimwone hata mmoja. Baba alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, mama akawa mchumaji, nami nikazaliwa papo hapo, nje kidogo ya Kericho. Wengi wa wenzangu shuleni walikuwa watoto wa Wakipsigis wenye mashamba madogo ng'ambo ya mto, na tulicheza pamoja kwa lugha mchanganyiko tuliyoitunga wenyewe.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wetu wa Kiswahili aliitwa Rono. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kijani iliyochakaa viwiko, na alipenda maneno kama watu wengine wanavyopenda chakula. Alitutungia mchezo wa kuigiza, wa mtu aliyemeza chemchemi ya kijiji ili kila mwenye kiu aje kumpigia magoti. Kipkirui, rafiki yangu mwenye mashavu makubwa, ndiye aliyekuwa mmezaji. Mimi nilikuwa chemchemi yenyewe. Sikuonekana, nilikaa nyuma ya pazia la magunia na kusema kutoka tumboni mwake. Mwishoni ningesema, "Nitoe. Wako wanaoningoja," naye angefungua kinywa na maji yangerudi kijijini. Tulifanyia mazoezi katika holi la kambi, jengo la mabati lililokuwa halitumiki, madirisha hayana vioo, na tulipangiwa kwenda kushindana Sotik. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyoitamani safari ile. Nilisema maneno yangu nikichota maji, nikiosha sufuria, hata kanisani wengine wakiomba.

Wiki ya safari, chifu alikuja holini na mwalimu mkuu kututazama. Wakati ule kulikuwa na ugomvi juu ya kisima kilichozungushiwa ua, na watu walinong'ona kwamba ua ulikuwa wake. Sisi watoto hatukujua. Tulicheza vizuri kuliko siku zote, hadi Kipkirui akashika tumbo, nami nikavuta pumzi niseme yale maneno ya mwisho. Chifu akasimama.

"Mwalimu, huyu mtu aliyemeza maji ni nani?"

"Ni mtu wa hadithi tu, mzee."

"Basi hadithi imeisha."

Hakupaza sauti. Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake. Mwalimu Rono alikusanya magunia, akatuambia twende nyumbani, na nakumbuka nilitembea na ile pumzi bado imenikaa kifuani, kama tonge lisiloshuka.

Siku zilizofuata tuliharibika. Kipkirui alipigana na kila mtu, mimi nikawa mkali kwa wadogo zangu bila sababu. Mwalimu alifundisha kama kawaida, ila alikuwa akikwama katikati ya sentensi na kutazama mlangoni, kama anayesubiri ruhusa ya kumaliza. Kisha habari za holi zikaanza. Wachumaji waliopita pale na vikapu mgongoni walisikia watoto wakizungumza ndani, na mlango umefungwa. Jioni moja mama aliingia amelowa, akanitazama nikichambua mboga.

"Umetoka holini saa ngapi?"

"Sijaenda holini, mama."

"Akinyi, usinidanganye. Nimekusikia kwa masikio yangu."

Jirani yetu, aliyenikabidhi ile mboga mchana na kukaa nami tangu hapo, alimwambia sikuwa nimeondoka. Mama aliweka kikapu chini taratibu, akanishika paji la uso, kisha koo, kama anayehakikisha kwamba bado ninayo sauti. Ng'ambo ya mto, nyanya yake Kipkirui, ambaye sote tulimwita kogo, alisema sauti zetu zilifungiwa mle siku tuliyofukuzwa, na kwamba mtoto asiyeifuata sauti yake mapema atakua bila hiyo. Kuanzia hapo watu walizunguka njia ya mbali.

Maneno ya kogo ndiyo yaliyotupeleka, mimi na Kipkirui. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliligusa holi kabla ya kuliona. Ndani, wanakijiji wa mchezo wetu walikuwa wakilia kiu. Kisha Kipkirui akacheka, kile kicheko chake kinene cha mmezaji, na Kipkirui mwenyewe alikuwa kando yangu amenishika mkono, mdomo umefumbwa. Halafu nilijisikia mimi. Ilikuwa sauti yangu kabisa, na lafudhi ya nyumbani ambayo sikuwa nimejua ninayo, ikisema kutoka gizani. Nilichungulia dirishani.

Alikuwa Mwalimu Rono, peke yake. Aliruka kutoka upande hadi upande, akawa mama mzee, akawa mtoto, akawa Kipkirui. Ilipofika zamu yangu aligeukia ukuta, na sauti yangu ikatoka kooni mwake. Alipofikia yale maneno ya mwisho, alivuta pumzi, na hakuna kilichotoka. Akarudi mwanzo. Tuliona hivyo tena na tena, na kila mara uso wake ulizidi kuwa mtupu, kama nyumba iliyohamwa.

"Twende," Kipkirui alininong'oneza. "Akitugeukia atatumaliza."

Lakini aliposimama tena mbele ya ule ukuta na kuvuta pumzi, nilishindwa kuvumilia.

"Nitoe," nilisema. "Wako wanaoningoja."

Aligeuka polepole. Sijaona mtu mzima akiogopa vile. Kwake, mzimu ulikuwa mimi.

"Nani?"

"Ni mimi, mwalimu. Akinyi. Niko na Kipkirui."

Alitufungulia mlango. Kipkirui alisimama mahali pake, akafungua kinywa, na tukaucheza mwisho mara moja, hadi maji yakarudi kijijini. Nilipogeuka kutoka ukutani niliona wachumaji wamejaa madirishani, mama akiwa miongoni mwao. Mwalimu alikaa sakafuni, akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Mwisho ni mrefu mno," alisema. "Ningeupunguza."

Muhula haukuisha kabla hajahamishwa, akapelekwa shule ya mbali huko Chebunyo, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Lakini sauti hazikusikika tena, na mimi, usiku ule wa holini, nililala kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa naishi mjini, na mwanangu ana umri niliokuwa nao wakati ule. Shuleni kwao kuna jukwaa lenye taa na mavazi ya kushonwa. Mwaka jana mchezo wao ulifutwa dakika za mwisho, baada ya muhula mzima wa mazoezi. Nilimngoja arudi amevimba kwa hasira. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumtuliza. Alitupa begi, akachukua simu.

"Hukasiriki?" nilimuuliza.

"Si walisema imefutwa, mum? Ni kawaida tu."

Alirudi kwenye simu yake. Nilisimama jikoni nikimtazama, nikayakumbuka maneno ya kogo, na baridi ikanipanda mgongoni zaidi kuliko siku ile dirishani.