Tundu la Besi

Niliisikia kabla sijaona chochote: besi nzito, ya chini mno, ikipanda kutoka kwenye miamba ya lava na kuniingia nyayoni. Si hadithi hii, yalinipata. Kama huamini, shauri yako. Wajinga sijawahi kuwakosa.

Mimi huunda masanduku ya spika za magari hapa Goma. Wateja wangu? Viziwi wenye usukani. Hawaulizi ujazo wa sanduku wala urefu wa tundu la kutolea besi. Vioo vitetemeke tu, wameridhika.

Mchana huo, volkano ikiwa imetulia na waasi wakiwa Kibati, nje kidogo ya mji, iliingia teksi kuukuu, na besi ikaja nayo. Nikafungua buti: tupu. Hakuna spika, hata waya. Unanielewa? Sauti ilitoka kifuani mwa dereva.

“Papa, unifanyie sanduku,” alisema. Akikimbia risasi, alilala kwenye shimo la lava, na kitu hiki kikamwingia. “Nikibeba mutoto wangu, anatoka damu ku pua. Nataka nikiweke ndani, tufunge. Usitoboe tundu.”

Nikacheka. “Muzee, weye njo utanifundisha besi? Sanduku bila tundu ni la waoga. Besi inapumua!”

“Hii hapana. Ni mazuku.”

Mazuku! Hewa inayoua mbuzi mabondeni, leo imekuwa muziki! Hata hivyo nikapima, nikakata, nikatia gundi. Dereva akainama, akapumua ndani ya sanduku, na kifua chake kikanyamaza. Nikapigilia kifuniko.

Likanguruma, wallahi, kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Na mimi, fundi niliyewadharau mafundi wote wa mji, niache kazi safi namna ile bila tundu? Mzee alipogeuka kufuta machozi, nikatoboa. Kisha nikafanya tufanyavyo sote: nikaweka kiganja kwenye tundu, nipime pumzi yake.

Pumzi haikupuliza. Ilipanda mkononi.

Dereva aliondoka mwepesi, akipiga mluzi. Mimi nanguruma hadi leo. Nikiegemea meza, vikombe vinatembea. Basi sikia, nawe unayejiona bingwa: mtu akikuambia usitoboe, usitoboe, hata kama hajui kushika msumeno.

Mke wangu alivumilia wiki tatu. Asubuhi moja nilimbeba binti yetu kwa kusahau tu, na shati langu likalowa damu. Mama yake akamchukua, akamfunga mgongoni.

“Papa Zuena, weye hausikilizaka mutu.”

Akatoka, akaurudisha mlango polepole mpaka komeo likashika.